Mashine Ilisema Tisini na Nne

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi huitaja methali hii wakati harufu ya kuku imekwisha kutoka jikoni, na watoto wa nyumba wanajua kwamba leo, kwa heshima ya mgeni, nao watapata kipaja. Maana hiyo si ya uongo. Lakini neno lenyewe ni "apone", wala si "ashibe", na hakuna kupona pasipo ugonjwa. Mwenye nyumba huweza kuishi na ugonjwa wake miaka na mikaka asiuone, kwa kuwa ameuzoea kama alivyozoea kuta zake, mpaka aingie mtu ambaye macho yake hayajazoea. Ndivyo ilivyotokea mjini Iloilo, kisiwani huko mashariki ya mbali, katika chuo kimoja cha udaktari, mwaka ambao mvua za Agosti zilikataa kukatika.

Jovelyn Saludar alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, na alikuwa Muati wa kwanza, yaani mtu wa kabila la wenyeji wa kale wa kisiwa kile, kuvaa koti jeupe katika chuo hicho. Alikuwa mweusi ti, mwenye nywele za kipilipili na kimo cha mtoto wa darasa la saba. Mjini, Waati walijulikana kwa mambo mawili: kuuza mizizi ya dawa kando ya soko, na kutumiwa na akina mama kuwatishia watoto watukutu. "Nyamaza, Muati asije akakutia guniani." Jovelyn aliwahi kulisikia tishio hilo katika wodi ya watoto, likisemwa na mama mmoja aliyekuwa hajageuka kuona ni nani amesimama nyuma yake na kipimajoto mkononi.

Hofu ilikuwa mwenzake wa chumba. Ililala naye, ikaamka naye, ikamtangulia darasani na kumwekea kiti cha nyuma. Aliogopa kuuliza swali lisije likaonekana la kijinga, na aliogopa kunyamaza asije akaonekana mjinga. Kila Januari, kabla ya tamasha la Dinagyang ambapo mji mzima hujipaka masizi na kucheza ngoma kwa kujifanya Waati, wenzake walimwita Inday, yaani dada, wakamwambia, "Inday Jov, jiunge na kikundi chetu bwana, wewe utatupunguzia gharama ya masizi." Wakacheka, naye akacheka. Hofu humfundisha mtu kucheka mahali pasipochekesha.

Alikuwa ameingia kwa njia iliyoitwa Mpango wa Mlango Wazi. Kila mwaka chuo kilitenga viti sita kwa vijana wa jamii ambazo hazijawahi kutoa daktari, kikawafundisha mwaka mzima wa maandalizi, kisha kikawatahini kwa mtihani uleule wa wengine. Profesa Teresita Hortaleza, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya pole, alikuwa ameupigania mpango huo miaka tisa. Aliyeupinga miaka hiyohiyo tisa alikuwa Dokta Renato Gelvezon, mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani, bingwa wa mapafu, mwalimu ambaye wanafunzi walimwogopa na kumsifu kwa pumzi moja.

Dokta Gelvezon mwenyewe hakuwa mweupe. Alikuwa mtoto wa mgema wa tuba, tembo la mnazi, kutoka Guimbal, na ngozi yake ilikuwa nyeusi kama kahawa isiyotiwa maziwa. Ilisemekana kwamba enzi za ujana wake mwanafunzi mwenziwe alimwita "Muati" kwa utani, na kwamba mwenziwe huyo alikwenda nyumbani na jino moja pungufu. Tangu hapo hakuna aliyeitaja rangi yake mbele yake.

"Mimi sikufunguliwa mlango na mtu," aliwaambia Jovelyn na wenzake watano siku yao ya kwanza. "Niliupiga teke. Kiti kimoja hapa kinagombewa na watu mia na ishirini. Nyinyi mmepewa. Sawa. Lakini kumbukeni, mgonjwa hatakuuliza ulikipataje kiti chako. Atakufa tu."

Maneno hayo yalimkaa Jovelyn kooni kama mwiba wa samaki. Yalimkaa hasa kwa sababu alikwisha kuona mtu akifa. Baba yake alikuwa na homa ya mapafu. Walimpeleka kwenye zahanati ya mjini, muuguzi akambana kidude kidoleni, kile kinachopima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Kikasema tisini na tano. "Hali nzuri," muuguzi akasema. "Mrudisheni nyumbani, anywe maji mengi." Alikata roho ndani ya bajaji kabla hawajafika sokoni, kichwa chake kikiwa juu ya paja la Jovelyn.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo, Jovelyn alisoma kwamba watafiti wa nchi za mbali walikwisha kugundua jambo: juu ya ngozi nyeusi, mashine ile mara nyingine husema oksijeni ipo ya kutosha wakati damu yenyewe inakaribia kuishiwa nayo. Siku hiyo hakula. Akaenda kwa Profesa Hortaleza, akapewa ruhusa, akaanza kuandika. Kila mgonjwa mweusi wa kabila lolote aliyepimwa kwa kidude na pia kwa damu ya ateri, ile itolewayo kifundoni mwa mkono, aliandikiwa namba zake zote mbili, moja kando ya nyingine. Alipata wagonjwa thelathini na mmoja. Kwa tisa kati yao, mashine ilikuwa imesema uongo wa kutosha kuua.

Aliusoma utafiti wake mbele ya idara. Dokta Gelvezon alisikiliza mpaka mwisho.

"Nuru haina ukabila, Inday," alisema. "Wala mashine haijui nani Muati na nani Mhispania. Na watu thelathini na mmoja si utafiti. Hicho ni kikao cha familia."

Chumba kizima kikacheka. Jovelyn alikaa chini, akalifunga daftari lake polepole.

Agosti ile, kimbunga kilifurisha mito na maelfu ya watu wakahamia katika kumbi za shule. Dokta Gelvezon, pamoja na ukali wake wote, hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alifanya kazi wiki nzima katika kumbi hizo, amelowa, akila mkate mkavu amesimama. Alirudi na kikohozi na homa. Jumanne akalazwa katika chumba namba saba cha hospitali yake mwenyewe, akiwaamuru madaktari wake namna ya kumtibu. Na Ijumaa, baraza la chuo lilikuwa likutane kuamua kama Mpango wa Mlango Wazi ufungwe au uendelee. Yeye ndiye angekuwa msemaji wa upande wa kuufunga, na kila mtu alijua kwamba akisema, baraza lingemfuata kama kondoo.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, zamu ya kuchukua vipimo chumba namba saba ikamwangukia Jovelyn.

Alimkuta ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, karatasi za hotuba yake juu ya mapaja. Uji wa mchele ulikuwa kando, haujaguswa, umeganda juu. Mvua ilipiga dirisha.

"Ah," alisema Dokta Gelvezon. "Mlango... wazi. Soma."

Jovelyn akatazama kidude kidoleni mwake. Namba ya kijani iliwaka kwa utulivu. "Tisini na nne, Dokta."

"Andika. Kisha... nenda zako."

Aliandika, lakini hakwenda. Aliyatazama mabega ya yule mzee yakipanda na kushuka, akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kama yeye mwenyewe alivyowafundisha. Thelathini na nne. Mtu mzima aliyetulia hapiti ishirini. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso ilhali chumba kilikuwa baridi. Na maneno aliyatoa mawili mawili, kama mtu anayevuka kijito kwa kuruka mawe.

"Dokta, unahisi kifua kubana?"

"Nahisi... mwanafunzi... anayeuliza sana."

Jovelyn alitoka haraka. Aliijua pumzi ile. Aliwahi kuisikia juu ya paja lake.

Alimkuta Dokta Jarder, daktari kijana wa zamu, kwenye meza ya wauguzi akijaza mafaili. Akamweleza. Dokta Jarder hakuinua macho.

"Mashine inasema ngapi?"

"Tisini na nne. Lakini anapumua mara thelathini na nne, hawezi kumaliza sentensi. Naomba tupime damu ya ateri."

"Tisini na nne ni salama. Picha ya jana ya kifua ilionyesha alama ndogo tu."

"Ya jana, Dokta."

Sasa aliinua macho, na Jovelyn akaona kwamba naye alikuwa na mwenzake wa chumba, hofu ileile. "Inday, sikiliza. Yule mzee ndiye anayetia saini mtihani wangu wa mwisho. Asubuhi nilimwambia apimwe damu, akaniuliza kama nilinunua shahada yangu pale sokoni. Unataka nirudi? Tena niseme nimetumwa na wewe?"

"Sisemi useme umetumwa na mimi."

"Nipe saa moja," alisema, akarudi kwenye mafaili yake.

Jovelyn akaenda mwisho wa korido, akampigia simu Profesa Hortaleza. Alizungumza kwa sauti ya chini na ya haraka.

"Nikuambie ukweli, mwanangu," alisema Profesa Hortaleza. "Ukimchoma na ukakosea, kesho hawatazungumza habari ya viti sita. Watazungumza habari ya mwanafunzi wa Mlango Wazi aliyemtesa profesa mgonjwa. Miaka tisa itakwisha kwa dakika tano."

"Najua."

"Nikija mimi, atasema ni siasa. Na hata nikitaka kuja, niko ng'ambo ya mto na maji yamepita juu ya daraja."

"Basi nifanye nini?"

"Sikuambii ufanye nini. Niambie unaona nini."

Jovelyn akafumba macho. "Namwona mtu anayezama, na mashine inasema yuko nchi kavu."

Sasa sauti ya Profesa haikuwa ya pole. "Basi umekwisha jibu. Usinisubiri."

Aliporudi chumba namba saba, Beldia, muuguzi mzee wa wodi ile ambaye wote walimwita Manang, yaani dada mkubwa, alikuwa akibadilisha chupa ya dripu. Alimtupia Jovelyn jicho lililosema mengi. Dokta Gelvezon alikuwa akitazama dari.

"Tuba imeshushwa?" aliuliza.

"Nini, Dokta?"

"Tuba. Mwambieni baba... ashuke. Mnazi unateleza."

Kisha akapepesa macho, akamtazama Jovelyn kama aliyezinduka, akatafuta karatasi zake. Hakukumbuka alichosema. Ubongo ukikosa hewa, huanza kwa kumrudisha mtu utotoni.

"Dokta," alisema. "Naomba nichukue damu ya ateri."

"Nani... kaagiza?"

"Hakuna aliyeagiza. Naomba kwako wewe. Ni mkono wako."

Yule mzee akamkazia macho. Hata katika hali ile, macho yake yaliweza kumfanya mtu ajione mdogo. "Kwa ajili ya... kile kikao cha familia?"

"Ndiyo."

"Mashine... inasema..."

"Mashine ilimwambia baba yangu tisini na tano. Sikuja kukutukana, Dokta, wala sikuja kwa ajili ya kesho." Akasogea kando ya kitanda. "Tukipima na mimi nimekosea, kesho asubuhi nitaandika barua ya kuacha chuo. Kwa mkono wangu. Hutahitaji hata kusoma hotuba."

Manang Beldia aliacha kugusa dripu. Mlangoni alikuwa amesimama Dokta Jarder, uso umempauka. Hakuweza kukaa saa moja mezani, wala nusu yake.

Kitu kama tabasamu kilipita midomoni mwa mgonjwa. Labda alifurahi kuona mtu akiweka kila alichonacho juu ya meza, jinsi yeye alivyowahi kufanya. Labda alifurahi kwamba kesho asingehitaji kuhutubu. Akaugeuza mkono wake juu ya shuka, kiganja kikitazama dari.

"Choma."

"Nitasimamia mimi," alisema Dokta Jarder, akaingia ndani na kuvaa glavu.

Jovelyn akagusa kifundo cha mkono wa yule mzee, akatafuta mapigo kwa vidole viwili. Kidole cheusi juu ya mkono mweusi. Yalikuwa yakienda mbio, membamba, kama panya ndani ya paa la nyasi. Akaingiza sindano. Damu ikapanda yenyewe ndani ya bomba, ikidunda, na ilipopanda wote waliokuwa chumbani wakaiona rangi yake.

Damu ya ateri ni nyekundu ya kung'aa. Hii ilikuwa nyeusi kama sosi ya soya.

"Umechoma mshipa mwingine," Dokta Jarder alinong'ona. "Hiyo ni damu ya vena."

Kwa muda Jovelyn aliona miaka yake yote ikimwagika sakafuni. Kisha akakumbuka ilivyopanda. "Ilidunda, Dokta. Sikuvuta. Vena haidundi."

Manang Beldia hakusubiri waamue. Alilitwaa lile bomba, akakimbia nalo kwenye maabara ya korido, na viatu vyake vilisikika vikipiga sakafu mpaka mwisho. Dakika nne zilipita. Jovelyn alisimama ameushika mkono wa mgonjwa, akibonyeza pamba mahali alipochoma. Kila yule mzee alipovuta pumzi, ngozi kati ya mbavu zake ilizama ndani. Kando ya kitanda, namba ya kijani iliendelea kuwaka kwa utulivu. Tisini na nne. Tisini na nne. Tisini na nne.

Manang Beldia alirudi na kipande cha karatasi. Alimpa Dokta Jarder, lakini macho yake yalikuwa kwa Jovelyn.

"Sabini na sita," Dokta Jarder alisoma.

"Soma... tena."

"Sabini na sita, Dokta."

Dokta Gelvezon aligeuza kichwa akaitazama mashine. Alijua kuliko mtu yeyote katika kisiwa kile maana ya sabini na sita. Kisha akamtazama Jovelyn, na kwa mara ya kwanza binti yule aliona ndani ya macho ya mwalimu wake jambo alilolijua kama anavyoijua sura yake mwenyewe. Yule mzee alikuwa anaogopa.

"Usiniache," alisema.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Kitanda kilisukumwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, picha mpya ya kifua ikaonyesha mapafu yote mawili meupe kama pamba, na kabla ya saa kumi jioni mrija ulikuwa kooni mwake na mashine ya kupumulia ikifanya kazi iliyowashinda misuli yake. Daktari wa chumba kile alisema kwamba angecheleweshwa saa mbili zaidi, wangekuwa wanaosha maiti.

Mtu angedhani hofu ya Jovelyn iliishia hapo. La. Hofu haikupungua, ilibadili nguo tu. Ijumaa baraza liliahirisha kikao kwa wiki mbili, na katika wiki mbili hizo maneno yalienea kama moto wa nyika. Wengine walisema mwanafunzi wa Mlango Wazi amemchoma profesa bila ruhusa mpaka akazidiwa. Wengine walisema alimfanyia uchawi wa Kiati. Jumatatu aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikunja nguo zake zote, akazitia katika mfuko, ili wakimfukuza asije akalazimika kukunja nguo huku anatazamwa.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti alimuuliza nani alimpa ruhusa ya kumchoma mgonjwa.

"Mgonjwa," alijibu Jovelyn.

"Mgonjwa ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, alikuwa amechanganyikiwa?"

Kabla Jovelyn hajajibu, mlango ukafunguliwa, akaingia Dokta Jarder bila kuitwa. Uso wake ulikuwa umepauka kama siku ile.

"Nilimsimamia mimi," alisema. "Na andikeni pia kwamba aliniomba kabla ya hapo, nikakataa. Nilimwogopa mgonjwa kuliko nilivyoogopea uhai wake. Kama kuna mtu wa kuadhibiwa, si huyu."

Waliandika. Hawakumfukuza Jovelyn, ila walimpa onyo la maandishi, likae kwenye faili lake mpaka mgonjwa atakapoweza kusema mwenyewe. Jovelyn alirudi chumbani, lakini nguo hakuzikunjua.

Siku ya kumi na mbili, mrija ulitolewa kooni mwa Dokta Gelvezon. Jambo la kwanza aliloomba lilikuwa maji. La pili lilikuwa ile kazi ya watu thelathini na mmoja. Waliompelekea walisema aliisoma siku mbili, akirudi nyuma, akipiga hesabu pembeni kwa penseli, na kwamba mara moja walimkuta amejibana kidude kidoleni, akikitazama kwa muda mrefu kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwibia.

Kikao cha baraza kilipofika, aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Wajumbe kumi na saba walisimama. Wanafunzi waliruhusiwa kukaa nyuma, na Jovelyn alikaa karibu na mlango. Profesa Hortaleza alikuwa amesema kwanza, kwa takwimu zake na sauti yake ya pole, na baadhi ya wajumbe walikuwa wakitazama saa. Kisha ikawa zamu ya mpinzani wake.

Sauti ya Dokta Gelvezon ilikuwa imekwaruzwa na mrija, na ukumbi ulilazimika kutulia ili umsikie.

"Miaka tisa nimesema hapa kwamba wanafunzi hawa sita watashusha viwango," alianza. "Mwezi huu kuna kiwango kimoja kilichoshuka. Kilikuwa cha oksijeni ndani ya damu yangu. Nilikuwa katikati ya hospitali yangu, nimezungukwa na watu waliopita kwenye milango ninayoipenda, na mimi mwenyewe nikiwa bingwa wa jambo hilo. Hakuna aliyeona. Si kwamba ni wajinga, wala mimi si mjinga. Ni kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuwa na sababu ya kuishuku ile mashine. Aliyekuwa na sababu alikuja kutuambia, tukamcheka. Mimi ndiye niliyewachekesha."

Alinyamaza, akapumua. Watu wote walimsubiri apumue.

"Nilisema nuru haina ukabila. Ni kweli. Lakini aliyeitengeneza mashine aliijaribu kwa ngozi zilizokuwa karibu naye. Sayansi inayofanywa na watu wa aina moja huona vizuri sana upande mmoja. Upande wa pili watu hufa. Nusura nife huko, na nilipaswa kujua mapema kwamba ndiko ninakoishi, maana kioo ninacho." Wachache walitaka kucheka, wakaona hacheki. "Naomba mpango uendelee. Na lile onyo kwenye faili la yule binti, nasema kama mgonjwa mwenyewe: nilimpa mkono wangu nikiwa na akili timamu kuliko nilivyokuwa nayo mwaka mzima."

Kura zilipigwa. Kumi na moja kwa sita, mpango ukaendelea. Hao sita hawakubadili mawazo yao siku hiyo, na baadhi yao hawajayabadili mpaka leo. Jovelyn hakushangilia. Alibaki ameketi mpaka ukumbi ulipokuwa mtupu, ndipo akainuka. Jioni hiyo alikunjua nguo zake.

Hospitali iliweka kanuni mpya: pumzi ya mgonjwa na mashine vikipingana, damu ipimwe, hata kama namba inapendeza. Na utafiti ukapanuliwa. Mwezi wa Novemba, barabara zilipokauka, Dokta Gelvezon akiwa bado anatembea kwa mkongojo, alifuatana na Jovelyn na Dokta Jarder mpaka Sityo Lunang, kijiji cha Waati milimani, kuomba watu wakubali kupimwa.

Walipokelewa na mama yake Jovelyn, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha manjano kichwani. Hakuwachangamkia. Aliwaketisha kwenye sakafu ya mianzi, akamtazama yule profesa kutoka juu mpaka chini, kama anavyotazamwa samaki kabla ya kununuliwa.

"Wewe ndiye uliyetaka binti yangu arudishwe nyumbani?"

Jovelyn aliinamisha kichwa. Ile hofu ya zamani ilimpanda tena mgongoni.

"Ndiye mimi," alijibu Dokta Gelvezon.

"Na bado unahema?"

"Nahema, Manang. Kwa sababu hakurudi."

"Baba yake hakuwa na mtu wa kuibishia mashine," alisema mama yule. "Nilifikiri nikikuona nitakutemea mate. Lakini umekuja mpaka hapa kwa miguu, na mguu wenyewe unauvuta." Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya viazi vikuu vya kuchemshwa na samaki mkavu, akaiweka katikati. "Mjini mnatuita wageni. Katika kisiwa hiki sisi ndio tuliowapokea babu zenu. Tumezoea kupokea. Kuleni, kisha mtupime."

Dokta Gelvezon alichukua kiazi kwa mkono wake mweusi unaotetemeka, akala. Na wote waliokuwa pale, wenyeji na wageni, wasijue tena nani ni yupi, waliusikia ukweli ambao chuo kizima kilikuwa kimeulipia kwa hofu: mgeni njoo, mwenyeji apone.